Mlango Gani, Siku Ngapi: Majibu kwa Maswali ya Mashauri

Hotuba kwa wakulima na wafanyabiashara wa mazao, Tukuyu, wilayani Rungwe

Wazee wangu, akina mama, ndugu viongozi wa kata na vitongoji, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, mugonile.

Niliombwa nije kutoa mada kuhusu migogoro na mahakama, nami nikamjibu mtendaji kwamba mada sina, ila kama kuna maswali nitakuja. Akakubali, akaweka boksi la kadibodi mlangoni pa ofisi ya kata kwa wiki mbili, na jana jioni nikalifungua nyumbani nikazipanga karatasi mezani kwa mafungu. Fungu la mipaka ya mashamba ndilo lililokuwa nene kuliko yote, likafuatiwa na la mirathi, kisha madeni ya mazao. Mengine yalikuwa karatasi mbili tatu kila moja. Nilipokuwa nikizisoma, jambo moja lilinisumbua. Karibu kila mwandishi alieleza kwa kirefu kwa nini yeye ndiye mwenye haki, lakini wachache mno walitaja tarehe. Mmoja anasema baba alinunua zamani. Mwingine anasema alifukuzwa kazi kipindi cha mavuno. Wa tatu anasema hukumu ilitoka, lakini hasemi ilitoka lini.

Nilikalia kiti cha hakimu wa Mahakama ya Mwanzo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mashauri niliyoyaona yakifa mikononi mwangu, mengi hayakufa kwa sababu mwenyewe hakuwa na haki. Yalikufa kwa sababu yalifunguliwa mahali pasipo na mamlaka ya kuyasikiliza, au yalifunguliwa wakati siku zilizowekwa na sheria zimekwisha. Kwa hiyo katika kila jibu la leo mtanisikia nikiuliza mambo mawili tu, mlango gani na siku ngapi, na atakayechoka kunisikia nikiyarudia anisamehe.

Nianze na fungu nene. Karatasi moja imeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Jirani amepanda miche ya parachichi ndani ya shamba langu hatua nne, nimekwenda polisi wakaniambia hiyo ni madai, je, wamehongwa?" Ndugu yangu uliyeandika, sijui kama kuna aliyehongwa, lakini jibu ulilopewa ni sahihi. Ni kweli kwamba kuingia kwa jinai katika ardhi ya mtu ni kosa ndani ya Kanuni ya Adhabu, na wengi hupenda njia hiyo kwa sababu inamtia jirani hofu. Hata hivyo, pale ambapo ninyi wawili mnabishania shamba ni la nani, mahakama zetu za juu zimekwisha kusema mara nyingi kwamba kesi ya jinai siyo mahali pa kuamulia umiliki. Kwanza ithibitike nani mwenye ardhi, ndipo tuzungumze nani ameivamia. Nimeona watu wakimpeleka jirani mahabusu, wakamshinda hata Mahakama ya Mwanzo, kisha rufaa ikafuta kila kitu na shamba likabaki na ubishi uleule, isipokuwa sasa familia mbili hazisalimiani hata msibani.

Wazee watakumbuka kwamba kabla ya parachichi kupata bei, hatua nne za migomba hazikumnyima mtu usingizi. Leo kila mche unahesabiwa, na ndiyo maana mipaka iliyolala kwa miaka thelathini imeamka yote kwa pamoja.

Sasa mlango. Mgogoro wa ardhi ya kijiji unaweza kuanzia kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 lina wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, na kazi yake ni kuwapatanisha. Juu yake lipo Baraza la Kata. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu kuna jambo lililobadilika na wengi bado wanaishi katika sheria ya zamani. Zamani Baraza la Kata liliweza kusikiliza shauri la ardhi lenye thamani isiyozidi shilingi 3,000,000 na kutoa uamuzi kwamba fulani ameshinda na fulani ameshindwa. Marekebisho ya 2021 yameliondolea mamlaka hayo. Leo baraza hilo linasuluhisha tu, likikaa na wajumbe watatu ambao angalau mmoja wao ni mwanamke, na likishindwa kuwapatanisha linatoa cheti kwamba usuluhishi umeshindikana. Kwa hiyo mtu akikuonesha karatasi ya baraza ya mwaka juzi inayosema yeye "ameshinda kesi ya shamba," mwambie taratibu kwamba baraza haliamui tena.

Hata hivyo, msilidharau wala kuliruka. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lile lililopo hapa hapa Tukuyu, haliwezi kupokea shauri lako pasipo cheti hicho, na ukipenya bila cheti, shauri litatupwa siku ambayo upande wa pili atapata mwanasheria mwenye macho. Mmoja wenu ameuliza kwamba amepeleka malalamiko yake Baraza la Kata tangu mwezi wa tatu na kila akienda anaambiwa akidi haijatimia. Sheria imelitazama hilo pia: zikipita siku 30 tangu ulipofungua malalamiko bila kusuluhishwa, unaruhusiwa kwenda Baraza la Wilaya bila cheti. Ndiyo maana nasisitiza malalamiko yaandikwe, yapokelewe kwa tarehe na muhuri, na nakala ibaki kwako, kwa maana bila karatasi hiyo utathibitishaje kwamba siku 30 zimepita?

Ukifika Baraza la Wilaya, eleza shamba lenyewe. Nimesoma maombi ya mtu anayedai "shamba langu lililopo kijijini," basi. Lipi? Andika kitongoji, andika ukubwa kwa kadiri unavyoujua, andika kwamba kaskazini unapakana na fulani, kusini na mto, mashariki na barabara ya kwenda shuleni. Shauri ambalo ardhi yake haijulikani ilipo haliwezi kutolewa hukumu inayotekelezeka, kwa sababu dalali wa mahakama akija siku ya mwisho atasimama wapi?

Niliwahi kufuatana na wajumbe waliokwenda kuona eneo la mgogoro kwa macho yao. Ilikuwa asubuhi ya mvua, kama kawaida ya hapa kwetu, na wadaawa wote wawili, mwanamume mmoja na mama mjane, walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake wa mstari wa miche iliyobebeshwa, mirefu kama kiuno. Yule bwana alizungumza karibu nusu saa. Mama hakusema neno. Alichukua jembe, akahesabu hatua kutoka kwenye miche hadi katikati ya matandazo ya migomba, akaanza kufukua. Chini ya majani yaliyooza kikatokea kisiki cha mparachichi wa kienyeji, kimeliwa na mchwa upande mmoja, na hatua kama ishirini mbele yake, katika mstari ulionyooka, akafukua kingine. Mzee wa jirani, aliyekuwa hata hajaitwa kuwa shahidi, akasema kwa sauti ndogo kwamba ile miti alikuwa akiipanda kuchuma matunda utotoni na kwamba wote wawili, baba wa huyu na mume wa yule, walikuwa wakigombezana na watoto kwa pamoja kwa sababu matunda yalikuwa ya mpakani. Mwenyekiti aliandika yote, kisha akamwambia mama amlete huyo mzee barazani aape na kuulizwa maswali. Nasema hili ili mjue kwamba ushahidi wa mpaka mara nyingi si ile karatasi yenye mihuri mingi. Ni jirani aliyeishi pale muda mrefu na asiye na maslahi, na jirani huyo anazeeka.

Siku je? Kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12 tangu ulipoanza kunyang'anywa. Ukimwacha mtu akalime shamba lako kama lake, ukamtazama miaka 12 ikapita huku ukisema Mungu yupo, mlango wa mahakama utaukuta umefungwa. Lakini upande wa pili wa jambo hili ndio unaowagusa wengi hapa, kwa kuwa kwetu kumpa ndugu au mgeni mahali pa kulima ni ustaarabu wa siku zote. Aliyekaribishwa hawi mwenye shamba kwa kukaa tu, hata akikaa miaka 40. Mahakama zetu zimelisema hilo waziwazi. Tatizo ni kwamba mkaribishaji akifa na mkaribishwa akifa, watoto wao hawajui nani alimkaribisha nani. Mkimpa mtu sehemu ya kulima, hata karatasi ya daftari inatosha, yenye tarehe, majina ya mashahidi wawili na neno "nimemwazima."

Na kwa wanunuzi, neno moja. Muhuri wa mwenyekiti wa kijiji pekee si uamuzi wa halmashauri ya kijiji. Ardhi ya kijiji ikihamishwa kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, halmashauri ya kijiji ndiyo inayotakiwa kuridhia katika kikao chake, na kikao kina muhtasari. Ombeni kuuona.

(Nisubiri kidogo, mvua hii juu ya bati hainiruhusu kushindana nayo.)

Fungu la pili ni mirathi, na swali linalorudi ni hili: kaka mkubwa ameuza shamba la marehemu baba bila kutushirikisha, nimshitaki wapi? Kabla ya kujibu wapi, niulize wewe ni nani. Unaniambia wewe ni mtoto wa marehemu, na hilo silikatai. Lakini mali ya marehemu, mahakamani, inasemewa na mtu mmoja tu, naye ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mashauri mengi mno ya ardhi ya marehemu yamefutwa baada ya miaka mitano au sita ya kusikilizwa, tena kwenye rufaa, kwa sababu aliyeyafungua alikuwa mtoto au mjane mwenye haki kamili ya kurithi lakini asiye na barua ya usimamizi. Kwa hiyo mlango wa kwanza hapa ni Mahakama ya Mwanzo ya mahali ambapo marehemu alikuwa na makazi yake ya kudumu, ikiwa mali yake inaongozwa na sheria za kimila au za Kiislamu, na ndivyo ilivyo kwa watu wengi wa vijijini.

Utakwenda na cheti cha kifo, utajaza fomu ya maombi, tangazo litatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, na siku ya kusikilizwa utaulizwa maswali. Hapa niseme jambo litakalowaudhi baadhi ya wazee, nao wanivumilie. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni kitu kizuri, unasaidia mahakama kujua familia inamwamini nani, na mimi nilikuwa nauomba kila mara. Lakini hakuna sheria inayosema kwamba bila ukoo kukaa hakuna mirathi. Nimekutana na wajane ambao shemeji zao walikataa kuitisha kikao kwa miaka mitatu wakiamini kwamba kwa kukataa wamemfunga mama yule mikono. Hawakumfunga. Angeweza kwenda kuomba, akaeleza kwamba kikao kimekataliwa, nao wangekuja na pingamizi lao kama wanalo.

Akiteuliwa, msimamizi hapewi mali, anapewa kazi. Ndani ya miezi minne anatakiwa kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni, ile inayojazwa katika Fomu Namba 5, na baadaye hesabu ya jinsi alivyogawa, Fomu Namba 6. Msimamizi anayekaa miaka kumi akikusanya kodi ya nyumba za marehemu na kuwaambia wadogo zake kwamba "mahakama imenipa mimi" anasema uongo, na mrithi yeyote anaweza kurudi katika mahakama ileile na kuomba aitwe ajieleze au ateuliwe mwingine. Ukipata msimamizi halali, ndipo shamba lililouzwa na kaka linadaiwa, kwenye mabaraza ya ardhi niliyoyataja, kwa jina la msimamizi.

Madeni ya mazao sitayachelewesha. Dalali alikuja na fuso, akapakia viazi vyako, akalipa nusu na kuahidi nusu nyingine atatuma kwa simu. Sasa simu haipokelewi. Deni si kosa la jinai, na kituo cha polisi si ofisi ya kukusanyia madeni, isipokuwa kama tangu mwanzo alikudanganya kwa hila ili upakie, na hilo lina ushahidi wake. Mlango wako ni Mahakama ya Mwanzo ikiwa deni halizidi shilingi 30,000,000. Madai yatokanayo na mkataba, hata mkataba wa mdomo, yana ukomo wa miaka 6. Ujumbe wa simu unaosema "bro nivumilie hadi wiki ijayo nitakumalizia ile milioni mbili" ni ushahidi, kwa kuwa tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 maandishi ya aina hiyo yanapokelewa mahakamani. Usiufute, usibadilishe simu bila kuuhifadhi, na chukua taarifa ya miamala kutoka kwa mtandao wako wa simu ikiwa na muhuri. Wengi wenu mnauza tani kwa neno la mdomo huku mkinunua kuku wa kufuga kwa risiti. Hilo silielewi.

Kuna kijana ameandika kwamba alifanya kazi katika shamba la chai na akaachishwa bila barua, naye amekwenda Baraza la Kata, kisha kwa mkuu wa wilaya, na sasa ni mwezi wa nne tangu aachishwe. Kijana, kama upo humu ndani, uje tuzungumze pembeni, maana jambo lako ni la haraka. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine ya kikazi, kama mishahara isiyolipwa, ndani ya siku 60. Siku 30 ni kama kupepesa macho. Ukichelewa unaweza kuomba Tume ikupokee, lakini utatakiwa ueleze sababu ya kuchelewa, na kusema kwamba ulikuwa unazungushwa katika ofisi zisizohusika mara nyingi hakutoshi.

Kuhusu talaka, mtu hafungui maombi ya talaka mahakamani kabla ya kupita Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na kupata hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa katika Sheria ya Ndoa ya 1971. Na hati hiyo ikikaa zaidi ya miezi 6 bila kutumika, inakuwa imepitwa. Akina mama wameuliza kama kazi ya kulea na kupika inahesabiwa wakati wa kugawana mali. Inahesabiwa. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, na tangu hapo hakuna haja ya mama kuulizwa risiti ya ugali. Kinachobaki ni kila mmoja kuthibitisha amechangia kwa kiasi gani.

Na wale wanaotaka kuishitaki halmashauri ya kijiji au ya wilaya wajue kwamba tangu 2020 wanatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90, nakala ikienda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali, na kwamba shauri lenyewe linafunguliwa Mahakama Kuu, Mwanasheria Mkuu akiunganishwa. Ukiiweka halmashauri ya kijiji katika orodha ya wadaiwa kwa hasira tu, wakati ugomvi wako ni na jirani, umejiongezea safari ya kwenda Mbeya bila sababu.

Swali fupi limenifurahisha: "Nikikataa kupokea samansi, kesi itafanyika?" Itafanyika. Karani au mpeleka samansi ataandika kwamba umekataa, itathibitishwa kwa kiapo, na shauri litasikilizwa upande mmoja. Kukimbia samansi ni kumwachia mwenzako azungumze peke yake, na hakimu anaandika alichosikia. Ipokee, isome, tazama tarehe na saa na chumba, fika mapema, na kama unaumwa tuma mtu na karatasi ya hospitali siku ileile, si baada ya wiki.

Nimeliacha suala la rufaa hadi sasa kwa sababu linanihusu mwenyewe.

Baada ya kustaafu nilikuwa na shauri la shamba la marehemu baba, nikiwa msimamizi wa mirathi kwa utaratibu wote niliowaeleza. Barazani nikashindwa. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu rufaa inakatwa ndani ya siku 45, na hilo nilikuwa nalijua kama jina langu. Siku ya hukumu niliomba nakala kwa mdomo, nikaambiwa nisubiri itachapwa. Nikarudi nyumbani. Ulikuwa msimu wa kupanda, nikapiga simu mara mbili, nikaambiwa bado kidogo, nikatulia, nikajisemea kwamba sheria inaondoa katika hesabu zile siku za kusubiri nakala, na kweli inaziondoa. Nilipokwenda kuifuata, siku ya 68, nakala ilikuwa tayari, na chini yake pameandikwa tarehe iliyothibitishwa: siku ya 20. Ilikuwa imekaa kwenye faili siku 48 ikinisubiri. Siku zinazoondolewa ni za kusubiri nakala iandaliwe, si za kusubiri mimi nimalize kupanda mahindi. Tangu siku ya 20, siku zangu 45 zilikwisha siku ya 65. Niliandika rufaa usiku, nikaisajili siku ya 72, na ikatupwa kwa kuwa nje ya muda. Niliomba niongezewe muda, na jaji, kijana ambaye ningeweza kumzaa, akaniuliza kwa upole mno nieleze kila siku moja ya kuchelewa kwangu, kwa sababu Mahakama ya Rufani inataka kila siku iwe na maelezo. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa hakimu nikajiona najua?

Kwa hiyo siku ya hukumu, kabla hujatoka katika eneo la mahakama, andika barua ya kuomba nakala ya hukumu, tuzo (yaani amri rasmi inayotokana na hukumu) na mwenendo wa shauri, igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ya barua hiyo iweke mahali unapoweka cheti cha ndoa. Kisha urudi kwa miguu yako kuulizia, kila wiki. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya una siku 30. Kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu katika shauri lilelile una siku 30 tena. Kutoka Baraza la Wilaya kwenda Mahakama Kuu, zile 45. Andikeni penye ukuta.

Mmeuliza kuhusu gharama na mawakili. Ada za mahakama zinalipwa kwa kontrol namba, na risiti inatoka. Mtu akikuambia umpe mkononi ili "aharakishe faili," namba ya TAKUKURU ni 113 na haikatwi salio. Kwa asiye na uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wapo katika wilaya zetu, na kazi yao ni kukushauri, kukusaidia kuandaa karatasi na kukuelekeza mlango ulio sahihi bila kukutoza. Hawasimami mahakamani badala ya wakili, kwa hiyo msiwalaumu kwa hilo. Na lugha isiwatishe tena. Tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama kwa mujibu wa sheria, na unayo haki ya kuuliza maana ya neno usilolielewa hadi ulielewe.

Mwisho kuna mama aliyeandika kwamba alishinda kesi na shamba bado linalimwa na aliyeshindwa, na anauliza kama mahakama imemsahau. Haijakusahau, mama, inakusubiri. Hukumu haijitekelezi. Rudi ulikoshindia, omba kukaza hukumu, yaani itekelezwe, dalali wa mahakama atapewa amri na utakwenda naye shambani.

Mtendaji ameniruhusu nitumie meza ile ya dirishani hadi saa kumi. Waliokuja na karatasi zao waje mmoja mmoja, wakiwa na karatasi halisi na si maelezo ya mdomo, na yule kijana wa shamba la chai aje wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayehitaji kuondoka na barua leo.